Jina la Sita

Karatasi yetu ya safari ina safu saba. Jina, aina ya boti, nambari ya simu ya ndugu wa karibu, kundi la damu, dawa anazotumia mtu, nani anabeba kamba, nani anabeba sanduku la huduma ya kwanza. Huwa naichora kwa rula, kwa sababu nikiifanya kwenye simu naijaza haraka haraka, kama mtu anayekubali masharti ya programu bila kuyasoma. Mwaka huu majina matano yaliingia jioni moja. Mstari wa sita ulikaa wazi kwa siku tisa, na kila nilipokaa mezani kuujaza nilihamia mambo mengine: nani atatuendesha, gari litaachwa wapi, chapati ngapi.

Tunapanga kushuka mto Mathioya mwezi wa Mei. Mathioya unatoka katika milima ya Aberdare, unakata kaunti ya Murang'a katikati ya majani chai na kahawa, kisha unaingia Tana. Sehemu kubwa ya mwaka ni mto wa kawaida, wa watu kuteka maji na kufua. Masika yakikolea unakuwa kitu kingine. Ni mwembamba, umejaa mawe, na maji hayana pa kupumzikia. Mteremko mmoja unamalizikia mdomoni mwa mwingine. Sisi wachache tunaoshuka mito kwa kayaki huungoja kama wengine wanavyongoja ligi ianze.

Mtu akisikia habari za kayaki hufikiria ujasiri. Kazi yenyewe, kabla hujagusa maji, ni ya karani. Mito hupimwa kwa madaraja, kuanzia 1, ambayo ni maji ya kuchezea, hadi 6, ambayo kwa lugha ya nyumbani maana yake ni usijaribu. Lakini daraja halikai mahali pamoja. Mteremko uliokuwa wa 3 Jumamosi unaweza kuwa wa 5 Jumapili asubuhi kama mvua ilinyesha usiku huko juu msituni, na wewe uliye chini hukuona hata wingu. Kwa hiyo tunatia alama. Tunachagua jiwe, au nguzo ya daraja lile la kuvukia, tunasema maji yakifika hapa tunashuka, yakipita hapa tunarudi nyumbani. Tunaandika ni wapi kila mtu atatoka majini abebe kayaki yake begani na kupita nchi kavu. Tunakubaliana kwamba hakuna anayeingia kwenye mteremko kabla aliyetangulia hajatoa ishara, na kwamba ikifika saa kumi jioni tuko nje, tumemaliza au hatujamaliza. Haya yote tunayaamua tukiwa Nairobi, tumekaa, tumekunywa chai, kwa sababu tunajua tutakavyokuwa tukifika mtoni: tumeamka saa tisa usiku, tumechangia mafuta, tumeshavaa, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema turudi. Ukiniuliza mimi, mpango wa safari ni barua unayomwandikia mtu utakayekuwa kesho, kwa kuwa humwamini.

Jina la sita lilikuwa la binamu yangu, mtoto wa mama mdogo. Ana miaka 24. Alinitumia ujumbe mara nne. Wa mwisho ulisema: "Dada, niandike. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mimi nguo nilizivua Jinja."

Jinja ndiko kwenye tatizo.

Tulikwenda huko mwaka jana, mwezi wa Agosti, watu saba. Nile pale si mto wa aina ya Mathioya. Unatoka Ziwa Viktoria ukiwa tayari mkubwa, mpana, na wa uvuguvugu. Sehemu ya maporomoko yake haipo tena: bwawa la Bujagali, la mwaka 2012, liliyafunika ya juu, na lile la Isimba, la 2019, likafunika mengine huko chini. (Kuna watu Jinja wanaoyazungumzia mawimbi yale kama mtu anavyozungumzia mtaa alikokulia uliobomolewa, na sidhani wanatia chumvi.) Yaliyobaki bado ni makubwa kuliko chochote nilichowahi kushuka Kenya. Ila ni maji yenye kina. Mtu akipinduka huzamishwa, hukandwa kama unga wa chapati, kisha hutemwa katika maji mapana yaliyotulia, mara nyingi bila kugusa jiwe. Kwa lugha yetu sisi wa kayaki, huo ni mto unaosamehe.

Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi. Binamu yangu alikuwa na siku nne za mafunzo. Katika maji matulivu aliweza kupinduka na kujiinua bila kutoka ndani ya kayaki, mara 3 kati ya 5. Katika maji makali hakuwa amejaribu hata mara moja. Kwenye karatasi, kwa mwandiko wangu, mbele ya mteremko mmoja mkubwa, nilikuwa nimeandika kwamba hapo yeye atatoka majini na kupita kando kwa miguu.

Tulifika hapo tumechelewa. Jua lilikuwa limeanza kuinama, njia ya kando ilikuwa imeota nyasi kufika kiunoni, na kutembea kungetula karibu saa nzima. Binamu akanitazama, akasema, "Dada, naweza." Wengine nao wakanitazama. Nikasema, "Haya, nifuate."

Nimejaribu mara nyingi kuyatafutia maneno hayo mawili sababu nzuri na sijaipata. Nilikuwa nimechoka. Nilitaka kufika kambini. Na kulikuwa na la aibu zaidi: wiki nzima nilikuwa nikiwaambia wenzangu jinsi kijana wetu alivyo na kipaji, na sikutaka kumwambia atembee mbele yao.

Alipinduka juu kabisa, kabla ya wimbi la kwanza. Mimi nilikuwa nimeshatangulia, nimejibanza nyuma ya jiwe upande wa kushoto, na yeye alichukuliwa upande wa kulia. Niliona tumbo la kayaki yake, la njano, likijaribu kugeuka mara ya kwanza, mara ya pili, halafu likawa jepesi, jinsi kayaki inavyokuwa nyepesi ikibaki bila mtu. Mfuko wa kamba ulikuwa kwenye boti la mwenzetu, juu, nyuma yangu. Nikaanza kuhesabu. Tunafundishwa kuhesabu, kwa sababu usipohesabu kila sekunde huwa dakika na utafanya upuuzi. Kwenye tano nilidhani nimemwona. Lilikuwa kafi lake. Kwenye kumi na moja niligundua kwamba kichwa changu kimegawanyika, upande mmoja unahesabu na wa pili unatunga sentensi. Sentensi yenyewe ilikuwa: Mama mdogo, kuna ajali imetokea.

Kwenye kumi na tisa alitokeza huko chini, katika maji matulivu, mbali nami, helmeti imemlalia usoni, anacheka.

Alicheka kweli. Tukacheka wote. Usiku ule kambini alisimulia mara tatu, na kila mara mawimbi yaliongezeka kimo, na mimi nilicheka kila palipofaa kuchekwa. Tuliporudi, mama mdogo alinipigia simu. "Mungu si Athumani, mwanangu," alisema, akanishukuru kwa kumrudisha mtoto wake salama, na wiki iliyofuata akanitumia gunia la viazi kwa matatu kutoka Nyandarua. Nilivila mpaka Oktoba.

Naomba nikae kidogo kwenye ile sentensi, kwa sababu imekaa nami tangu siku ile. Kiswahili ni lugha inayombana mtenda. Kitenzi hakiendi popote kabla hakijasema ni nani: nilimruhusu, ulimruhusu, alimruhusu. Lakini tunacho pia kitenzi hiki cha kutokea, ambacho mtenda wake ni lile jambo lenyewe. Ajali imetokea, kana kwamba ajali iliamka asubuhi, ikanawa uso, ikajitokea. Na nyuma yake inasubiri methali, tayari kusaidia kubeba: ajali haina kinga. Nimeisikia matangani mara nyingi na ninaelewa kazi yake, huwatua wafiwa mzigo wa kuuliza kwa nini. Shida ni kwamba huwatua pia watu wengine mizigo ambayo bado ni yao. Ajali nyingi zina kinga. Ile yangu ilikuwa nayo, imeandikwa kwa kalamu ya bluu, iko ndani ya mfuko usiopenya maji, katikati ya magoti yangu.

Wanafalsafa wana jina la mahali nilipokwama: bahati ya kimaadili. Bernard Williams wa Uingereza na Thomas Nagel wa Marekani waliijadili mwaka 1976, na tangu hapo haijaisha kubishaniwa. Fumbo lenyewe unalijua hata kama jina hulijui. Matatu mbili, siku mbili tofauti, zinaovateki kwenye kona ile ile isiyoonyesha mbele. Dereva wa kwanza anakuta barabara iko wazi. Abiria wake 14 wanafika mapema, na mmoja anashuka akisema, "Dere uko sawa." Wa pili anakutana na lori. Huyo wa pili tutamfunga, tutamlaani redioni, na mama yake hatauza tena sokoni bila kunyooshewa kidole. Lakini mikono yao ilifanya kitu kimoja, na akili zao zilifikiri kitu kimoja. Kilichowatofautisha ni lori, na lori halikuwa lao. Kama mtu huhukumiwa kwa yaliyo katika uwezo wake, kama Kant alivyoshikilia kwamba nia ndiyo yenye thamani na si matokeo, basi hawa wawili ni sawa. Na hakuna mtu ninayemjua anayeweza kuishi akiwatendea sawa.

Nilipoanza kusoma mambo haya nilikimbilia upande mkali. Kosa ni kosa, nikajiambia, kwa hiyo mimi nimemuua binamu yangu. Nilitembea na sentensi hiyo kama wiki tatu. Kisha nikaona kwamba ina majivuno ndani yake. Sikumuua. Anaishi Rongai, anatengeneza simu, ananidai 600 za tikiti ya mpira. Mzazi ambaye mtoto wake alichukuliwa na mto kweli angekuwa na haki ya kunizaba kofi akinisikia nimejiketisha karibu naye. Matokeo yana uzito wake. Swali langu likawa: kama halikuwa kosa la kuua, na si kweli kwamba halikuwa kitu, basi lilikuwa kosa gani hasa?

Jibu nililipata mahali pasipo na mito, katika chama. Chukua mweka hazina wa chama cha akina mama. Ijumaa anatoa 80,000 za akiba, anaziweka kwenye kamari ya mechi za wikendi, na anashinda. Jumatatu anazirudisha zote kabla ya mkutano. Vitabu vimelingana, hakuna mwanachama aliyepoteza shilingi. Muulize mwanachama yeyote kama amekosewa. Hatasema hapana, na wala hatasema ni sawa na pesa kupotea. Atasema: tuliibiwa, kisha vikarudi. Atataka mweka hazina mwingine. Na sasa chukua kwamba hakuna aliyejua. Desemba inafika, wanachama wanasimama kumpigia makofi kwa uaminifu wake, wanamvika leso mpya begani, naye anainamisha kichwa na kupokea. Kwangu mimi hapo, kwenye leso, ndipo kosa linapokuwa la pili. Wizi wa Ijumaa ulikuwa wa siku moja. Leso ataivaa kila Jumapili.

Viazi vya mama mdogo vilikuwa leso yangu.

Najua utakaloniambia, maana nimejiambia mwenyewe mara nyingi kwa sauti ya wakili. Mweka hazina alichukua pesa za watu bila kuwauliza. Binamu yako ni mtu mzima, aliulizwa, na akasema naweza. Hoja hii naiheshimu. Ninaamini mtu mzima ana haki ya kuyahatarisha maisha yake kwa jambo ambalo wengine hawaoni maana yake. Nisingeamini hivyo, ningekaa nyumbani. Hendri Coetzee, Mwafrika Kusini aliyeifanya Jinja kuwa kambi yake, alikuwa miongoni mwa walioshuka Nile Nyeupe kutoka chanzo hadi baharini mwaka 2004. Desemba 2010 aliwaongoza Wamarekani wawili katika mto Lukuga, ule unaoyatoa maji ya Ziwa Tanganyika karibu na Kalemie na kuyapeleka Kongo, na huko mamba akamnyakua kutoka kwenye kayaki yake wenzake wakiona. Nimeisoma habari hiyo mara kadhaa nikitafuta mahali pa kusema hapa palikosewa. Sipaoni kwa urahisi. Watatu wote walikuwa wajuzi wa mito, na mamba hawakuwa siri kwa yeyote kati yao. Kila mmoja aliweka dau lake mwenyewe mezani baada ya kulihesabu. Ni msiba, na msiba si lazima uwe na mkosaji.

Lakini hebu lisikilize tena lile neno la binamu yangu. "Naweza." Neno hilo halikuwa na habari yoyote ndani yake. Hakujua jinsi maji yale yanavyoenda kulia. Hakujua kamba iko wapi. Hakujua kwamba usiku uliotangulia, dada yake, aliyemtegemea kwa sababu ndiye aliyemfundisha hata kufunga jaketi la kuelea, alikaa na tochi kichwani akaandika kwamba yeye hapaswi kupita pale. Alisema naweza huku akinitazama usoni, yaani alikuwa akiniuliza. Na uso wangu ukamjibu ndiyo kwa sababu nyasi zilikuwa ndefu. Kama ningefungua ile karatasi nikamwambia, niliandika usipite, unajiinua mara 3 kati ya 5 kwenye maji yaliyolala, na kamba iko mbali, kisha akasema bado naweza, hapo dau lingekuwa lake. Nilichomwibia si usalama. Usalama hata mimi sikuwa nao wa kumpa. Nilimwibia kujua.

Ndipo nilipoona kwa nini mstari wa sita ulikuwa umenishinda. Nilikuwa nimeshaamua kwamba hatakwenda Mathioya, hilo halikunichukua hata dakika. Nilichokuwa nikitafuta siku zote tisa ni njia ya kumkatalia bila kumwambia. Na njia nilikuwa nayo: boti zimejaa. Maneno mawili tena. Hakuna anayeumia, hakuna anayeuliza, na mwakani Mungu ni mkubwa.

Nilimweleza mwenzangu ninayepanga naye safari, yule aliyekuwa na kamba siku ile. Ni mkubwa wangu kwa miaka kumi, na mtu wa maneno machache. Alisema nifunge mdomo. "Ile ndiyo siku bora ya maisha ya huyo kijana," akasema. "Unataka kumnyang'anya ili wewe ulale. Huko si kuungama, huko ni kumtupia mtu taka zako uani." Niliondoka nikiwa nimekasirika, na hasira ilikuwa ya mtu aliyeguswa penyewe. Ni kweli kuna maungamo ya namna hiyo. Nimewahi kuungamiwa na mtu aliyetoka pale ametakata, mimi nikabaki na yake na yangu.

Lakini siku ile ya binamu yangu haijabaki kumbukumbu ya kujifurahisha nayo. Ameigeuza ramani. Anaitumia kupima mito mingine: nilizama Nile nikatoka, basi nitatoka popote. Walio hai ndio wanaosimulia. Waliobaki chini hawana hadithi, kwa hiyo hadithi zote za mtoni zinaonekana kumalizika vizuri. Yeye alidhani ametoka kwa uwezo wake, wakati alitolewa na mto wenye kina na maji ya uvuguvugu. Mathioya hauna kina hicho. Hatari yake kubwa ni ndogo kuitazama: mtu anaanguka majini, anaona maji yanamfika kiunoni, anasimama. Mguu unaingia kati ya mawe mawili, maji yanamsukuma mgongoni, na anazama uso chini mahali ambapo mtoto angeweza kuona chini. Ndiyo maana jambo la kwanza kumfundisha mtu ni kwamba kwenye maji ya kasi husimami. Unalala chali, miguu juu, mbele yako, mpaka maji yatulie. Nilimfundisha. Lakini kila anaposimulia ya Jinja, mwisho wa hadithi ni yeye amesimama, mikono juu, anacheka. Nikimwambia boti zimejaa, atakwenda Juni na watu wengine, na ramani atakayoshika ina sahihi yangu.

Kumkatalia ni jambo jingine, na hapo sikuwa na wasiwasi. Haki yake ya kujihatarisha haifiki kwenye boti za wale watano. Mtu akianguka Mathioya, kuna mwingine atakayelazimika kuacha mahali salama kumfuata, na hao walijiandikisha wakijua ni nani na nani watakuwa majini. Kwa hiyo hata akijua kila kitu na bado aseme naweza, jibu ni hapana. Nakiri haiingii vizuri sana kwenye niliyoyasema juu ya mtu mzima na dau lake. Sijui mto ambao mtu huushuka peke yake hata akiwa peke yake.

Nilikwenda Rongai siku ya Alhamisi, jioni, alipokuwa akifunga kibanda. Nilibeba karatasi ya mwaka jana, ikiwa bado na madoa ya matope ya Jinja. Sikujua nianzeje, kwa hiyo nilimpa tu. Akaisoma imesimama chini ya balbu, kidole juu ya mstari wake.

"Hii uliandika kabla au baada?"

"Kabla. Usiku wake."

Akaisoma tena. Kwenye kibanda cha jirani mtu alikuwa akikaanga vitunguu, na nakumbuka nilifurahi kwamba kuna kelele.

"Na ukaniambia nikufuate."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Nikamwambia. Nyasi, uchovu, na lile la kipaji. Lile la mwisho nililisema nikitazama chini. Hakukasirika jinsi nilivyojiandaa akasirike. Alikuwa kama mtu anayehesabu chenji na kukuta haitoshi, anarudia, haitoshi.

"Nilikaa chini muda gani?"

"Nilihesabu kumi na tisa."

"Mimi nilidhani tano. Sita hivi." Akanyamaza. "Nilikuwa nikicheka kwa sababu nilidhani nimetoka haraka."

Nikamwambia na la Mathioya, kwamba hayumo. Aliinua mabega, kama mtu aliyeambiwa habari za mji wa mbali. Alishusha mlango wa bati, akatia kufuli, akalivuta mara mbili kuhakikisha. Karatasi hakunirudishia, aliikunja mara nne akaitia mfuko wa shati.

"Mama anajua?"

"Hapana."

"Na alikutumia viazi."

"Alinitumia."

Tukatembea hadi steji bila kuzungumza. Matatu yangu ilikuwa imeshaanza kujaa, kondakta akinipigia mluzi nipande.

"Jumapili naenda nyumbani," akasema. "Twende wote. Lakini utasema wewe."

Matatu ya kwanza ya Nyandarua hutoka saa kumi na mbili asubuhi. Nimemwambia nitakuwa hapo saa kumi na moja na nusu.